Barua ya wazi: Hati za kimila zinatolewa, daftari la kijiji linalala

KWA:
Waziri mwenye dhamana ya Ardhi,
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya, Tanzania Bara.

YAH: KUHUISHA MADAFTARI YA ARDHI YA VIJIJI BAADA YA HATI KUTOLEWA

Waheshimiwa,

Kila mradi wa hati za hakimiliki ya kimila, yaani hati za umiliki wa ardhi ya kijiji, unapofungwa, idadi hutangazwa: hati elfu kadhaa, vijiji kadhaa, wilaya fulani. Idadi hiyo ina jasho ndani yake na hatuibezi. Wengi wetu tumeshika kamba na GPS katika kazi hizo. Barua hii inahusu idadi nyingine ambayo haitangazwi popote. Tangu mradi uondoke, ni mabadiliko mangapi yameandikwa kwenye daftari la ardhi la kijiji? Ni marehemu wangapi ambao majina yao yameondolewa? Ni mashamba mangapi yaliyogawanywa yamepewa namba mpya? Katika vijiji tunavyovifahamu jibu huwa sifuri au jirani yake.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani tatizo liko huko. Haliko huko, au tuseme sehemu kubwa yake haiko huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, imeyaweka madaraka karibu kabisa na shamba. Ombi la hati huanzia Halmashauri ya Kijiji, nayo imepewa siku 90 kuliamua. Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Ombi la mwanamke halipimwi kwa mizani tofauti na la mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Hati ikishaandikwa, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji huitia saini, mmiliki naye husaini au huweka dole gumba, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huisaini, huigonga muhuri na kuisajili. Nakala moja hubaki kwa mmiliki, nyingine masjala ya ardhi ya kijiji, nyingine wilayani. Nakala hizi tatu hupatana siku ya kutolewa. Baada ya hapo watu huzaa, huoa, huachana, huuza na kufa, na karatasi hizo hazijui.

Kifo ndicho kinachotangulia kulifanya daftari liseme uongo. Chukulia hati ya ekari moja yenye jina la baba peke yake. Baba anafariki. Baada ya matanga ukoo unakaa, unagawa shamba kwa mdomo, vijiti vinachomekwa, na msimu unaofuata kila mtoto analima kipande chake. Machoni pa sheria hakuna kilichotokea. Ili jina libadilike, familia inatakiwa kupata cheti cha kifo, kupeleka muhtasari wa kikao chake Mahakama ya Mwanzo, na mmoja wao kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Ndani ya miezi minne msimamizi huyo awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni, agawe, kisha arudi kijijini ili Halmashauri ya Kijiji ipokee nyaraka, daftari liandikwe na hati mpya zitolewe kwa warithi.

Familia nyingi huishia kwenye kikao cha ukoo. Zinazofika mahakamani nazo huishia kwenye barua ya usimamizi, kwa sababu barua ina muhuri wa mahakama na watu huidhani kuwa ndiyo umiliki. Msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Lakini hakuna mtu kijijini anayemdai hesabu, na daftari bado lina jina la marehemu. Miaka michache baadaye msimamizi anauza shamba zima kwa barua ileile, mnunuzi anaamini amenunua kihalali, na ndugu wanaanza safari ya mabaraza. Wanaokawia kuamka wana hatari nyingine: Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 kudai ardhi, na kwa mali ya marehemu aliyekuwa akiishikilia hadi kufa kwake, hesabu huanza siku aliyofariki, si siku mgogoro ulipojitokeza.

Mjane huumia kuliko wote. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, bado linatajwa katika mirathi ya watu wa makabila mengi, na ndani yake binti na mjane wako mwisho wa foleni au nje yake. Mahakama Kuu Mwanza ilishalitikisa mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, pale Jaji Mwalusanya alipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliotolewa kwenye mali kwa kutumia kanuni hizohizo. Ni ushindi mkubwa, lakini mjane wa kijijini hana nauli ya kuufuata. Kinachomkinga Jumatatu asubuhi, shemeji wakija na jembe, ni jina lake kuwemo kwenye hati tangu mume akiwa hai.

Kwa hiyo sehemu ya fomu inayohitaji muda kuliko zote ni aina ya umiliki, nayo ndiyo hujazwa kwa haraka kuliko zote. Mchukua taarifa anafika shambani, anamkuta mwanamume, anaandika jina moja, anaondoka. Siku hiyo ana mashamba mengine 30 ya kumaliza. Anayejua kazi huuliza kwanza shamba ni la nani kati ya hawa: mtu mmoja, wenza kwa pamoja, wamiliki kadhaa kila mmoja na hisa yake, mtoto aliye chini ya mlezi, au mirathi iliyo chini ya msimamizi. Tofauti hizi zina matokeo. Wenza walioandikwa kuwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki aliyebaki anaendelea kuwa mmiliki bila kusubiri ukoo. Walioandikwa kwa hisa, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi na iliyobaki haiguswi. Kwenye ndoa ya wake wawili au watatu, kila mke aandikwe na mume kwenye shamba analolilima. Kuwaweka wote kwenye hati moja ya shamba la mke mkubwa ni kupanda ugomvi kwa makusudi. Na swali hili liulizwe mke akiwepo. Akiwa ameenda kisimani, mchukua taarifa angoje.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa hata wataalamu wa wilaya hukosea. GPS ya mkononi, au simu inayotumika kupima mashamba, hukosea mita tatu hadi tano, na zaidi chini ya miembe. Kwa shamba la ekari kumi hilo linavumilika, hasa pale majirani wote wanaopakana wamesimama kwenye mpaka na kukubaliana juu ya minyaa au mkonge uliopandwa. Ekari moja, ile tunayoiita hatua 70 kwa 70, ina mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 64 kila upande. Igawe kwa watoto watano kwa mistari ya kulala, kila mmoja anapata ukanda wa upana wa mita 12.7 hivi. Kosa la mita nne kwenye mpaka mmoja wa ukanda huo limekula karibu theluthi ya urithi wa mtu. Halafu watu wanashangaa ndugu wanapokatana mapanga juu ya ramani iliyochapishwa kwa rangi.

Mgawanyo wa mirathi usipimwe kwa GPS. Upimwe kwa futi, yaani utepe wa kupimia, ya mita 50, kuanzia kona ya zamani ambayo majirani wanaikubali. Futi ivutwe ikiwa imenyooka kwa usawa, bila kuinama upande wowote, na kwenye mteremko ipimwe kwa vipande vifupi, maana ikifuata mteremko huongeza mita ambazo ramani haizijui. Kila kona ichomekwe kigingi siku hiyohiyo na minyaa ipandwe mvua za kwanza, kwa sababu kigingi huliwa na mchwa na jiwe husogezwa usiku. Mchoro uchorwe kwa mkono, urefu wa kila upande uandikwe juu ya mstari wake, na wote wanaopakana wasaini juu ya mchoro wenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni inayoweza kunyofoka. GPS itumike kuonyesha shamba liko wapi kijijini. Upana wa kila ukanda uamuliwe na futi.

Mauziano ni njia ya pili ya daftari kufa. Sheria inataka Halmashauri ya Kijiji ipewe taarifa na itoe idhini kabla haki haijahamia kwa mtu mwingine. Mtaani hufanyika hivi: mkataba unaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili kila upande, mtendaji anagonga muhuri, na ofisi inachukua sehemu ya bei, ambayo katika maeneo mengi imezoeleka kuwa asilimia 10. Ada hiyo ndiyo inayowakimbiza watu. Ama wanaandika bei ndogo kuliko waliyolipana, na siku ya mgogoro bei hiyo ndogo inawarudi, ama hawafiki ofisini kabisa. Na hata waliofika na kulipa, muhuri umegongwa kwenye mkataba lakini daftari la ardhi halikufunguliwa. Muuzaji bado ana hati yake ndani ya plastiki. Anaweza kuipeleka kwa mnunuzi wa pili au kukopea, na akiulizwa wilayani, nakala ya huko inamuunga mkono.

Kuhusu plastiki yenyewe: wenye hati huipeleka kwenye duka la picha ikafunikwe isiloe. Nia ni njema, ila hati iliyofunikwa hivyo haiandikiki tena wala haigongwi muhuri, na kila badiliko linahitaji hati mpya. Waambieni watu siku ya kukabidhi watumie mfuko wa plastiki unaofunguka.

Kijiji kikigawanywa kuwa viwili, mambo huvurugika kwa mkupuo. Cheti cha Ardhi ya Kijiji kilichotolewa na Kamishna wa Ardhi kinaeleza mipaka ya zamani. Hati za watu zina jina la kijiji cha zamani, na masjala inabaki kwenye kijiji mama huku kijiji kipya kikianza na muhuri na mwenyekiti tu. Mwenyekiti huyo hana mamlaka ya kufungua kabati la jirani yake. Tunaomba kijiji kipya kisitangazwe kabla daftari halijanakiliwa na kukabidhiwa kwa maandishi.

Masjala za vijiji tumeziona za kila namna. Nyingine ina chumba chake, kabati la chuma, daftari gumu na mtu anayejua namba za faili. Nyingi zaidi ni sanduku chini ya meza ya mtendaji, au mfuko nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani ambaye hakuchaguliwa tena Novemba 27, 2024 na hajaulizwa ufunguo. Mtendaji akihamishwa, makabidhiano hutaja fedha, kiti na muhuri; daftari la ardhi halimo kwenye orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutarajia kwamba siku moja daftari lingekuwepo na lenyewe likawa la kutafutwa.

Haya yanalipwa kwenye mabaraza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo halipo katika kila wilaya. Mabadiliko yale yalikuwa na sababu zake, kwani mabaraza ya kata yalikuwa yanaamua bila kufuata utaratibu na hukumu zao zinafutwa kwenye rufaa. Lakini matokeo yake ni kwamba daftari sahihi la kijiji sasa lina thamani kubwa kuliko wakati wowote. Wasuluhishi wa kata wakiweza kufungua ukurasa na kuona nani aliandikwa, lini, kwa idhini ya mkutano upi, ugomvi mwingi utaishia hapo mezani. Wakikuta jina la mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita, hawana la kusuluhisha nalo.

Na kuna sheria moja inayofanya ukimya huu uwe wa hatari zaidi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, katika tafsiri ya ardhi ya jumla, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria pacha yake, Na. 5, haikuweka maneno hayo. Mkinzano huo ni wa kurekebishwa bungeni na si leo tu unasemwa. Wakati tunasubiri, shamba lililoachwa lipumzike misimu mitatu huku mwenyewe kwenye daftari ni marehemu linaonekana halina mtu. Mwekezaji akifika na ombi lake, shamba kama hilo ndilo huonyeshwa kwanza.

Tunachoomba hakihitaji sheria mpya. Mtendaji wa kijiji anayeshika daftari la ardhi ndiye huyohuyo anayetoa kibali cha mazishi kwa aliyefia nyumbani. Kabla hajakiandika, afungue daftari la ardhi. Kama marehemu yumo, aandike kwa penseli pembeni ya jina lake tarehe ya kifo na namba ya kibali. Alama hiyo haimpi wala haimnyang'anyi mtu yeyote haki. Inamwambia kila atakayekuja kununua kwamba shamba hili lina mirathi. Ni kazi ya dakika tano, na ingezuia nusu ya mauzo ya ujanja tunayokutana nayo. TAMISEMI inaweza kuielekeza kwa waraka mmoja, kwa kuongeza mstari kwenye fomu ya kibali: "Daftari la ardhi limekaguliwa: ndiyo / hapana."

Pili, Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya kudumu iwe kusoma kwa sauti mabadiliko ya daftari: nani ameuza kwa nani, shamba la marehemu nani limegawanywa, nani ameongezwa kwenye hati ya mwenzake. Mkutano ndio wenye kujua mpaka wa kweli. Mtu akiuza shamba la nduguye, kuna mama nyuma kule atakayeguna. Mabadiliko yasiyopingwa yaingie kwa wino na kuandikwa kwenye muhtasari. Yaliyopingwa yaende Baraza la Ardhi la Kijiji kabla ya wino.

Tatu, Afisa Ardhi wa Wilaya apangiwe siku moja kila robo mwaka kwa kila kata, wiki mbili baada ya mikutano hiyo, aje na muhuri wake na daftari la wilaya. Leo mwananchi mmoja mwenye badiliko moja anatakiwa kulipia mafuta na posho ya safari nzima, au kusafiri yeye mpaka wilayani mara mbili tatu. Ndiyo maana haendi. Safari nne kwa mwaka kwa kila kata zinaweza kumaliza mabadiliko ya vijiji vyote vya kata hiyo kwa pamoja. Kazi ya kupima iwe imeshafanywa na vijana wa kijiji waliofundishwa wakati wa mradi. Wengi bado wapo na ujuzi wanao, ila waliachwa bila hata futi.

Nne, ile asilimia 10. Iondolewe kwa tamko lililo wazi na badala yake iwekwe ada ndogo isiyobadilika kwa kila ukurasa wa daftari unaoandikwa, yenye risiti, ibaki kijijini kwa ajili ya masjala. Mtu atalipa kwa hiari kwa kitu anachokiona kikiandikwa mbele yake.

Tano, na hapa tunawaomba wafadhili nao wasome: kila mkataba wa mradi wa hati utenge fedha za mwaka wa pili na wa tatu baada ya kukabidhi. Si nyingi. Daftari la akiba, kabati la chuma lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa na maji ya mvua visilifikie, futi ya mita 50, wino, na mafuta ya zile safari nne. Taarifa ya mradi ikifika kwenu, kando ya safu ya hati zilizotolewa iwekwe safu ya mabadiliko yaliyosajiliwa. Kijiji chenye hati 800 na mabadiliko sifuri baada ya miaka mitatu kisihesabiwe kuwa kimefanikiwa. Humo wamo waliokufa, waliouza na walioachana, ila hawajaandikwa.

Mipango ya bajeti za vijiji na halmashauri huanza kuandikwa miezi kadhaa kabla ya Bunge la bajeti kukaa. Kifungu cha masjala ya ardhi kikikosekana kwenye rasimu ya kijiji, hakitaonekana wilayani wala Dodoma. Tunaomba mwongozo wa bajeti ijayo ukitaje kwa jina, na wakurugenzi waelekezwe kukagua madaftari yote kabla ya kuomba fedha za hati mpya: wafungue, wahesabu majina ya marehemu, walete idadi hiyo.

Wenu katika kazi,

Wapimaji wasaidizi na wasaidizi wa kisheria wa vijijini